Kilolo: mashamba yamejaa, watoto wamedumaa

Kabla sijapangiwa wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, kwa mafunzo ya vitendo nilishajua kwamba Iringa inaongoza Tanzania kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Halafu unapanda gari Ipogolo, Iringa mjini, kwenda Kilolo, na njia nzima ni mahindi, maharage, njegere, viazi. Njaa iko wapi?

Tulipita kaya kwa kaya na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama mtu mzima ambaye bila yeye milango mingi isingefunguka. Yeye ndiye aliyetanguliza "kamwene", salamu ya Kihehe, akauliza habari za shamba na za mgonjwa wa nyumba ya pili, ndipo dodoso likatoka.

Tulianza na utepe wa rangi wa kupima mkono. Karibu kila mtoto alikuwa kwenye kijani na mama zao walifurahi. Tukimlaza mtoto kwenye ubao wa urefu, furaha inaisha. Utepe unamkamata mtoto aliyekonda, udumavu unaupita. Mtoto ana mashavu, anacheka, ila urefu haulingani na umri, na mama hana cha kumshtua kwa sababu wa jirani naye yuko hivyohivyo.

Kwa mama mmoja mwenye mtoto wa mwaka na miezi kidogo nilisoma swali la dodoso: jana mtoto alikula nini? Uji, ugali na maharage, viazi. Kwenye karatasi ilipendeza. Mhudumu akauliza lisiloandikwa: "Mwanangu, alilishwa na nani, saa ngapi?"

"Mimi, mama. Alfajiri kabla sijaenda kupalilia, na jioni niliporudi."

Katikati hapo mtoto alikuwa na dada yake, ambaye naye ni mtoto, na viazi vilivyopoa. Umri ule anatakiwa kula mara tatu hadi nne kwa siku, na vitafunwa juu yake, maana tumbo lake dogo haliwezi kubeba cha kutwa nzima kwa milo miwili. Kuku walikuwa wanapita uani. Mayai? Yanauzwa, ndiyo sabuni na chumvi.

Baba alikuwa palepale akinoa jembe. "Ya kliniki muulizeni mwenyewe," alisema. Iliniuma sana. Yule mama makundi ya vyakula anayataja kwa kichwa, elimu ya lishe ameshapewa mpaka basi. Alichokosa ni saa za kukaa na mwanawe, na kauli juu ya mayai na magunia. Tukiendelea kumfundisha yeye peke yake tunamwonea.

Ndiyo maana Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ilipokaribia tulimwomba mwenyekiti wa kitongoji awaite akina baba kwa sauti yake mwenyewe. Walikuja wachache. Mmoja alimshika mwanawe miguu kwenye ubao, akaomba tupime tena, akakaa kimya kidogo.

"Sasa hayo mayai, kwa wiki mangapi?"

"Moja kila siku ukiweza, baba," mhudumu akamjibu. "Na mama akiwa shambani, mlishe wewe."