Kifaru wa begani kwa babu

Jumapili nilikuwa Masasi kwa shangazi, paa lilivuja sasa tukawa tunatoa vitu nje vikauke, tukafungua sanduku la bati la marehemu babu na chini kabisa, chini ya kanzu, nikakuta leso imekunjwa, ndani yake kuna kipande cha kitambaa kama kiganja cha mtoto kina kichwa cha kifaru. Mnyama yule wa pembe. Babu alikuwa anatuambia "sisi tulikuwa watu wa kifaru" na mimi miaka yote nikajua aliendesha kile kifaru cha mizinga, kumbe ni nembo!

Ndo ilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ya jeshi la Mwingereza, iliyoingia Burma mwaka 1944 kupigana na Wajapani. Askari wa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) kutoka Tanganyika walikuwemo, batalioni ya 26 na ya 36, wakapita bonde la Kabaw kwenye mvua, matope na malaria.

Watu wanachanganya sana hapa. V mbili za koplo, V tatu za sajini, nyota za maofisa, hizo ni za cheo, nani anamwamrisha nani. Nembo ya kikosi, kama hii ya kifaru, haimpi mtu ukubwa wowote, jenerali anavaa ileile ya kuruta, inasema tu huyu wa kwetu. Na waliweka picha badala ya jina ili adui akiiona asijue mara moja mmetoka wapi, ila mwenzako hata kama hajui kusoma anakutambua.

Wenzao wa Afrika Magharibi, Divisheni ya 81, walivaa nembo ya mdudu buibui, Anansi yule mjanja wa hadithi za Ghana, tena kashonwa kichwa chini. Askari akisimama unaona buibui anashuka, lakini akiinua bunduki kulenga mkono unanyooka na buibui naye anamwendea adui. Niliposoma hilo nikanyoosha mkono wangu palepale nijaribu.

Cha babu nimekigeuza nyuma. Kuna uzi wa kaki umekatika katika, halafu juu yake uzi mweusi wa mkono, mishono mikubwa mikubwa, yaani kilibanduka akakirudishia mwenyewe. Shangazi anasema koti lenyewe lilikatwa wakashonewa watoto kaptula, ila kifaru babu alimtoa kwanza kwa wembe, taratibu, na hakumvaa tena mpaka anakufa.

Mwaka 2023 JWTZ walipotoa siku 7 raia warudishe nguo zinazofanana na za jeshi, vijana wengi wa Mtwara mjini walinung'unika, na mimi nilikuwemo maana nilikuwa na jaketi la mtumba lenye nembo begani ya jeshi nisilolijua hata nchi. Niliipenda rangi tu. Sasa nikikumbuka ule uzi mweusi naona aibu kabisa, ile nembo na yenyewe ilikuwa ya mtu.

Nikamwomba shangazi niondoke nacho. Akakataa, akakikunja kwa mikunjo ileile ya zamani, akakirudisha chini ya kanzu.