Simba na sikio lake moja
Mbwa wangu Simba ametimiza miezi mitano leo. Sikio la kulia limesimama, la kushoto bado limelala, nami nalipenda hivyo hivyo. Ni chotara: mama German Shepherd, baba mbwa wa kienyeji wa hapa mtaani kwetu Moshi. Wiki ya kwanza hakugusa chakula mpaka nikae chini kando yake. Sasa ananifuata hadi mlango wa bafu!

Jana jioni kuku wa jirani walitawanyika. Akawazunguka polepole, akawarudisha bandani bila kumng'ata hata mmoja. Hakuna aliyemfundisha, jamani. Ukoo wa mama yake ulichunga kondoo Ujerumani, hata kabla ya chama cha wafugaji wa German Shepherd kuanzishwa huko mwaka 1899. Nilibaki nimeshika ndoo, machozi yakinilengalenga.