Sapu ya mifumo endeshi na laptopu ya kuazima

Mwaka wa pili, muhula wa pili, nilipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo la misingi na usanifu wa mifumo endeshi. Si kwamba sikusoma. Nilikesha. Madesa (noti za kurithishana) ya miaka minne nyuma nilikuwa nayo yote, na ungeniamsha usiku wa manane ningekusomea fasili ya prosesi bila kufungua macho: programu iliyo katika utekelezaji. Masharti manne ya mkwamo, yaani hali ya prosesi kungojeana bila mwisho, ningekutajia kwa mpangilio wake. Swali likaja hivi: programu inaita fork(), amri inayoifanya prosesi ijinakili ziwe mbili, mara tatu mfululizo, kisha inachapisha neno moja. Neno litaonekana mara ngapi? Nikaandika mara nne. Mama na watoto watatu, nikajiambia, hesabu imeisha.

Jibu ni nane. Kila fork inamgawa kila aliyepo: mmoja wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne, wanne wanakuwa wanane. Watoto nao wanazaa, na mimi nilikuwa nimewahesabu kana kwamba wote wametoka tumbo moja.

Kaka mmoja wa mwaka wa mwisho ndiye aliyenionyesha hilo. Akaangalia madesa yangu yaliyopigwa mistari kwa kalamu ya kijani, akauliza, "Dada, humu kuna hata programu moja uliyowahi kuikompaili?" Nikanyamaza: sikuwa nimewahi kugeuza hata msimbo mmoja kuwa programu inayoendeshwa.

Likizo nikabaki kwa shangazi, Mbagala, nikisubiri mitihani ya Septemba. Laptopu sikuwa nayo. Rafiki yangu wa mtaa wa pili alikuwa nayo moja, RAM ya GB 4, ina mfumo endeshi wa Ubuntu, akakubali niitumie jioni akishachoka kuandika ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Jioni ya kwanza nikaandika kitanzi cha kuita fork mara tatu. Badala ya i++ (ongeza moja) nikaandika i-- (punguza moja). Anayejua lugha ya programu ya C ameshacheka: i inashuka chini ya sifuri, sharti la i kuwa chini ya 3 linabaki kweli, na kila prosesi inayozaliwa inaendelea kuzaa. Kishale cha panya kikagoma, feni ikavuma, Ctrl+C ya kusimamisha programu haikusikia. Ikabidi tubonyeze kitufe cha kuwashia mpaka izime. Kurasa mbili za ripoti zilikuwa hazijahifadhiwa.

Nilimnunulia chipsi mayai, tukayamaliza. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa fork naandika ulimit -u na namba kwenye temino, dirisha la kuandikia amri, ili mtumiaji asiweze kuzidisha prosesi kupita kiasi. Kwenye madesa sentensi ile ya "mfumo endeshi hudhibiti matumizi ya rasilimali" ilikuwepo. Niliikariri bila kujua inamlinda nani dhidi ya nani.

Lililonifungua macho hasa ni la nyuzi mbili, yaani njia mbili za utekelezaji ndani ya programu moja, na kigezo kimoja, nafasi ya kuhifadhi namba. Kila uzi unaongeza 1 kwenye kigezo kilekile mara milioni moja. Nilitarajia 2,000,000. Ikatoka milioni moja na laki moja na ushee. Nikaendesha tena, ikatoka namba nyingine. Shangazi alikuwa anachambua mchele pembeni, akaniona nimeshika kichwa.

"Umekosea hesabu?"

"Hapana shangazi, imekosea kompyuta."

"Kompyuta haikosei. Angalia vizuri."

Alisema kweli. Mstari x++, x ikiwa kigezo hicho, ni mmoja kwenye skrini tu. Kwa prosesa ni hatua tatu: soma x, ongeza moja, rudisha. Uzi wa kwanza unasoma 41. Kabla haujarudisha, wa pili nao unasoma 41. Wote wawili wanarudisha 42. Kazi mbili zimefanyika, imeandikwa moja. Nikaweka kufuli, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, kabla ya mstari ule na kulifungua baada yake, ikatoka 2,000,000 kila mara, ila programu ikawa nzito waziwazi. Ukijaribu, usikompaili na -O2, agizo la kuiharakisha programu. Kompaila, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaweza kukifanya kitanzi kizima kuwa jumlisha moja, ukapata jibu sahihi ukadhani tatizo halipo. Mimi nilipoteza siku nzima hapo.

Mkwamo nao nilimaliza kuuogopa nilipoutengeneza mwenyewe: kufuli mbili, uzi mmoja unachukua A kisha B, mwingine B kisha A. Nilitegemea ujumbe wa hitilafu. Haukuja. Kishale kinawaka na kuzima, top, amri ya kuangalia matumizi ya prosesa, inaonyesha programu inatumia asilimia 0 ya prosesa, kimya kabisa. Dawa yake ni fupi kuliko maelezo yake: wote wachukue A kwanza.

Yule kaka akanipa pia xv6, mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT uliofuata nyayo za Unix toleo la sita. Nilitegemea keneli, kiini cha mfumo endeshi, iwe na uchawi. Nikafungua kipangaji chake, nikakuta kitanzi cha for cha kawaida kinachopita kwenye jedwali la prosesi, nafasi 64, kikitafuta iliyo tayari ili kiipe prosesa. Nilicheka peke yangu.

Usiku umeme ukikatika nilifanya ya kalamu kwa tochi ya simu. Chukua kurasa za kumbukumbu zinazoombwa kwa mpangilio huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5, kanuni iwe aliyetangulia kuingia ndiye anayetangulia kutoka. Kwenye RAM yenye nafasi tatu, utakosa ukurasa (haumo kwenye RAM) mara 9. Ongeza nafasi ziwe nne, utakosa mara 10. Nilirudia mara tatu nikidhani usingizi unanichezea. Belady na wenzake walilionyesha jambo hilo 1969, na kwenye madesa lilikuwa mstari mmoja niliouruka kwa sababu "hautoki kwenye mtihani".

Ukatoka, kwa namba nyingine. Fork nayo ikatoka, safari hii ndani ya if, nikachora mti kwenye karatasi ya nyuma na kuhesabu matawi kwa kidole. Swali la semafo, kihesabio cha kupanga zamu za nyuzi, sikulimaliza, muda uliniishia. Nikapata C, na chuoni kwetu hiyo ndiyo alama ya juu kabisa ambayo sapu inakupa.

Rafiki yangu ameshamaliza ripoti zake zote na sasa anafanya kazi. Juzi nilimwomba laptopu nitume barua pepe tu. Alibonyeza Ctrl+S kwanza, kwenye kila dirisha, ndipo akanisogezea.