Kabla ya kuiita ishara, tazama ufunguo uko kwa nani

Uhakiki mwingi wa hadithi za ukombozi wa wanawake za karne ya 19 huharibikia kwenye rangi. Msomaji anakutana na karatasi ya njano ukutani, anaandika "njano ni ugonjwa", anafunga daftari. Taashira, yaani kitu kinachobeba maana nyingine zaidi yake, si kamusi. Waandishi hawa walichukua vitu vilivyokuwemo majumbani kweli, vyenye sheria au tiba nyuma yake. Kwa hiyo anza na kitu chenyewe: kimewekwa wapi, nani anakishika, kinapita mikono ya nani.

Chukua The Yellow Wallpaper (Karatasi ya Njano ya Ukutani), hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman iliyotoka Marekani Januari 1892. Mwanamke aliyejifungua karibuni anawekwa chumba cha juu na mumewe John, ambaye ni daktari, ili apumzike. Kuandika amekatazwa. Tiba hiyo haikubuniwa kwa ajili ya hadithi: Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia alijulikana kwayo, Gilman mwenyewe alitibiwa naye mwaka 1887, na jina la daktari limo hadithini. Mgonjwa alilazwa kwa wiki kadhaa, akashindiliwa chakula na maziwa, akakandwa mwili, bila kazi yoyote ya akili. Asiyelijua hili huiona shajara ya mwanamke huyo, ambaye ndiye msimulizi, kuwa mbinu tu ya kusimulia. Kumbe kila ukurasa ni amri iliyovunjwa, ndiyo maana maandishi yanakatika ghafla akimsikia John anakuja au wifi yake yuko kwenye ngazi.

Sasa orodhesha vilivyomo chumbani: nondo madirishani, mapete ya chuma kutani, geti juu ya ngazi, kitanda kilichopigiliwa sakafuni. "Nondo ni jela," wengi huandika, wakamaliza. Lakini msimulizi anasema ni chumba cha watoto, nondo ziliwekwa wasianguke. Anayaona ya jela na kuyapa jina la kitoto, huku mumewe naye akimwita kama anavyoitwa mtoto mdogo. Hilo jina la upole lina kazi kubwa kuliko chuma chenyewe.

Halafu ule mstari wa uchafu. Uko chini karibu na sakafu, umezunguka chumba chote, umepita nyuma ya kila samani isipokuwa kitanda. Anashangaa nani aliufanya. Mwishoni anatambaa, na bega lake linaingia sawasawa kwenye mstari huo. Weka alama sehemu zote mbili uzisome pamoja, maana hakuna atakayekuunganishia. Kitanda nacho ni hivyo hivyo: anawalaumu watoto kwa kukitafuna, kisha aya chache baadaye yeye ndiye anayekiuma hadi meno yanamuuma.

Mwisho wake husifiwa kama ushindi, nami siukubali kirahisi. Ni kweli amejifungia kwa ndani, ufunguo ameutupa nje, na John anayeingia anazimia. Lakini amejifunga kamba, hataki kutoka, na kila akizunguka inambidi atambae juu ya mumewe. Ukitaja ufunguo ukaiacha kamba, umesoma nusu.

Njia hiyo ya kufuata mikono inalipa zaidi katika The Awakening, riwaya ya Kate Chopin ya mwaka 1899. Sura ya kwanza, mume anamtazama Edna Pontellier alivyoungua jua kama mtu anayetazama mali yake ya thamani iliyopata dosari. Papo hapo Edna anakumbuka pete zake, ananyoosha mkono bila kusema neno, naye anazitoa mfukoni mwa kizibao chake na kumdondoshea kiganjani. Baadaye Edna, kwa hasira, anaivua pete ya ndoa, anaitupa kwenye zulia na kuikanyaga kwa kisigino. Haipati hata mkwaruzo. Anavunja chombo cha kioo. Mtumishi wa kike anaingia kuokota vipande, anaiona pete, anamkabidhi. Edna anaivaa. Wahakiki husimama kwenye kisigino, wakati tukio linaishia kwa mtumishi: mwanamke mwingine, aliye kazini, ndiye anayesafisha uasi wa bibi yake na kumrudishia pingu bila kujua.

Katika Jane Eyre, riwaya ya Charlotte Brontë ya 1847, Bertha Mason ni mke aliyefungiwa darini na mumewe, ambaye sasa anataka kumwoa Jane; mikono ya kufuata hapa ni ya Grace Poole, mlinzi wa kulipwa. Grace akilewa, Bertha humchomolea funguo na kutoka. Usiku mmoja anaipasua vipande viwili shela ya harusi ya Jane. Usomaji uliozoeleka humfanya Bertha kuwa hasira ya Jane iliyofichwa darini. Unasaidia, ila una hasara yake: Bertha ni mtu wa Jamaika aliyeolewa akiwa na mali ya pauni 30,000 aliyopewa na baba yake, katika Uingereza ambako mali ya mke iliangukia kwa mume mpaka sheria za 1870 na 1882 zilipoanza kulibadili hilo. Akigeuzwa kivuli cha Jane, pauni zile zinatoweka mara ya pili.