Vifaranga Waliotoka Mapema

Lugha yetu ina mtego mmoja unaonipa taabu kila ninapoeleza kazi yangu ya kuangua na kufuga samaki huku Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Watu wa uvuvi wanaposema "samaki wa maji baridi", wana maana ya samaki wa maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo sato wa Ziwa Victoria, ambaye hustawi kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 30, naye huhesabiwa kuwa samaki wa maji baridi. Mimi nazungumzia baridi ile inayokufanya uchomoe mkono majini kabla hujamaliza kuhesabu hadi thelathini. Samaki wangu ni trauti, na maji ya nyuzi 26 yanayompendeza sato humuua trauti aliyekwisha kukua.

Trauti si mwenyeji wa milima hii. Yule mwenye mstari wa rangi ya waridi ubavuni asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika ya Kaskazini na upande wa Kamchatka. Aliletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni na watu waliotaka mchezo wa kuvua kwa ndoana, na akaachiwa kwenye vijito vya nyanda za juu kwa sababu huko tu ndiko alikoweza kuishi. Mgeni huyu, basi, hana mahali pa kukimbilia. Samaki wa mto mrefu maji yakimzidi joto hupanda juu zaidi, lakini trauti wa vijito vyetu tayari yuko karibu na chemchemi, na juu ya chemchemi hakuna mto.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hatari ya joto ni hiyo ya kufa. Kama samaki wazima wanakula na wanaogelea vizuri, nilidhani maji ni salama. Kipupwe kimoja kilinifundisha vingine.

Mwaka huo tulikuwa na mayai mengi kuliko kawaida, na trei zilizokuwa kwenye mfereji wa chemchemi zikajaa. Yaliyobaki tukayaweka kwenye trei za akiba zilizolishwa na kijito kinachopita chini ya bonde. Maji yalikuwa safi na yalikwenda kasi, nami sikuona tatizo. Trei za kijito ziliangua siku kadhaa kabla ya zile za chemchemi, na tulifurahi kama watu waliovuna kabla ya jirani. Mzee anayelinda mabwawa, ambaye kila asubuhi hunisalimu "Kamwene" kisha hutazama maji kwanza kabla ya kunitazama mimi, aliinama juu ya trei kwa muda mrefu akasema, "Mwanangu, hawa wametoka kabla hawajamaliza."

Alikuwa amesema kweli kabisa, ingawa mimi nilihitaji wiki mbili na darubini ndogo ya mkono ili nimwamini.

Yai la trauti halina saa ya siku. Lina saa ya joto. Kwenye maji ya nyuzi 10 huanguliwa kwa takriban siku 31, kwenye nyuzi 7 na kidogo huchukua siku 48, kwenye nyuzi 4 na nusu siku 80 hivi, na ukiyapandisha maji hadi kukaribia nyuzi 16, siku 19 zinatosha. Ndiyo maana waanguaji huzidisha joto la kila siku kwa idadi ya siku, wakapata jumla inayowasaidia kukisia siku ya kuangua. Ukiifanya hesabu hiyo mwenyewe utaona kwamba jumla haibaki ileile, bali hupungua kadiri maji yanavyopata joto: ni kama 350 kwenye maji baridi sana, lakini ni kama 300 tu kwenye maji yanayokaribia nyuzi 16. Hesabu tu haiwezi kusema mwili wa kifaranga umekamilika kiasi gani siku ile ganda linapopasuka.

Kiinitete hujenga mwili wake kwa akiba moja tu, yaani kile kiini cha njano alichowekewa na mama, na hakuna chakula kingine kitakachoingia humo. Joto linapopanda, kazi mbili huongezeka kwa pamoja: kujenga viungo na kuuendesha mwili uliokwisha kujengwa. Sehemu ya akiba ambayo ingekuwa nyama na mfupa huchomwa kama kuni za kuendeshea maisha ya kila siku. Wakati huohuo tezi ndogo zinazotoa vimeng'enya vya kulainisha ganda hukomaa mapema. Kifaranga hutoka akiwa mfupi na mwembamba, akiburuta kifuko kikubwa cha kiini kuliko anavyoweza kukibeba vizuri. Ndivyo walivyokuwa wa kwangu wa kijito.

Kisha kuna suala la hewa. Yai halina mashavu ya kuchotea oksijeni. Hutegemea ile inayopenya polepole kwenye ganda. Maji yanapopata joto, kiinitete huhitaji oksijeni zaidi, na maji yenyewe hubeba oksijeni pungufu. Kwenye usawa wa bahari lita moja ya maji ya nyuzi 10 inaweza kushika miligramu 11.3 za oksijeni, na ya nyuzi 20 hushika 9.1. Huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano, kwa hiyo viwango hivyo hushuka hadi karibu 8.9 na 7.1. Baridi ya milima tunayoisifu tunailipia kwa wepesi wa hewa, na maji yakipoteza ubaridi tunabaki na hasara zote mbili. Kiinitete kinachokosa pumzi hufanya jambo moja lililo katika uwezo wake: hupasua ganda na kutoka, awe tayari au asiwe tayari.

Baadhi ya vifaranga wale walikuwa na mgongo uliopinda. Pingili za uti wa mgongo wa samaki hupangwa mapema sana, wakati kiinitete bado ni uzi mwembamba juu ya kiini, na joto la siku hizo chache huacha alama ya maisha. Katikati ya karne iliyopita mtaalamu wa Denmark, Vedel Tåning, alionyesha kwa mayai ya trauti wa baharini kwamba hata idadi ya pingili hubadilika kulingana na joto ambalo yai limelelewa nalo. Ukiyarudisha maji kwenye ubaridi baadaye, pingili hazihesabiwi upya.

Kuna madhara yanayotangulia hata yai lenyewe. Mayai ya jike hujazwa kwa protini inayotengenezwa kwenye ini kwa amri ya homoni, na joto likizidi katika miezi ya mwisho kabla ya kutaga, amri hiyo hudhoofika. Jike huonekana mzima na tumbo limejaa, lakini mayai yake hayashiki mbegu vizuri au hufa kabla macho ya kiinitete hayajaonekana. Kwa hiyo anayepima maji Juni tu, wakati mayai yako kwenye trei, amechelewa; Machi na Aprili zina habari zake.

Kwa nini kijito kile kilikuwa na joto? Hewa ya milima inapata joto, hilo halibishaniwi na mtu anayekumbuka Julai za zamani ambapo jalidi iliunguza chai wiki baada ya wiki. Lakini nilipopanda kijito kwa miguu nikiwa na kipimajoto, niligundua kwamba joto lilianza kuongezeka mahali vinyungu, yaani vishamba vya bondeni, vilipoanzia. Bonde lililokuwa na kivuli lilikuwa limelimwa mpaka ukingoni, na maji yalipita juani saa nzima kabla ya kutufikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini sikuwa na moyo wa kuitaja mbele ya akina mama ambao mahindi mabichi ya vinyungu ndiyo ada za watoto wao. Mimi mwenyewe nililelewa kwa kinyungu.

Tuliongea nao, bila karatasi wala mhuri. Wamekubali kuturudishia ukanda mwembamba pande zote mbili, nasi tumepanda miti ya mivengi, ambayo hupenda kusimama karibu na maji. Haijafika hata kiunoni. Kwa sasa tumefunika mfereji kwa mabanzi kutoka kiwanda cha mbao, na trei za akiba tumezihamishia kwenye maji ya chemchemi, hata kama hilo linamaanisha kuangua mayai machache. Kipimajoto sasa nakisoma saa nane mchana badala ya saa moja asubuhi, kwa sababu asubuhi kila kijito cha Mufindi ni baridi. Jana saa nane chemchemi ilisoma 12, na kijito kilisoma 16.