Cheo Hakijazi Herufi 150

Anayeomba chuo Marekani kupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi, hupewa mistari 10 ya shughuli za nje ya darasa. Kila mstari una kisanduku cha cheo (herufi 50), cha jina la kikundi (100) na cha maelezo (150, pamoja na alama na nafasi kati ya maneno). Cheo na klabu vina visanduku vyao, kwa hiyo kuvirudia kwenye maelezo ni kujinyima. Hata wanafunzi hodari huanguka hapa.

"Nikiwa mwenyekiti wa klabu ya mdahalo niliwajibika kuhakikisha wanachama wote wanashiriki ipasavyo." Mwenyekiti yeyote anaweza kuandika hivyo, hata aliyelala mwaka mzima. Sasa soma hii:

"Nilianzisha mazoezi ya Jumatano, wanachama toka 9 hadi 31, niliandika mwongozo wa kurasa 12 kwa wapya, nilifundisha waamuzi 4."

Herufi hazifiki 130. Fomu hujazwa kwa Kiingereza, ila mtindo ni uleule: kitenzi mbele, idadi, kisha kilichobaki baada yako.

Idadi hizo hazitungwi usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Weka daftari tangu darasa la 9 (kwa mfumo wa Marekani, ambako sekondari huisha darasa la 12): tarehe, saa, kilichofanyika, mtu mzima aliyekuwepo. Fomu inauliza saa kwa wiki na wiki kwa mwaka, na wengi huchanganya hapo. Msimu wa mpira wa wiki 12 huandikwa 52. Au kila mstari unapewa saa 8, mistari 10, jumla 80. Wiki ina saa 168. Toa 56 za usingizi na 35 za shule, zinabaki 77, na bado hujala wala hujagusa kazi za nyumbani. Afisa wa udahili naye anajua kujumlisha.

Uongozi wenyewe, kwa maoni yangu, huanza na kitu kinachovuja. Tuseme wanachama wapya wanatoweka baada ya mkutano wa pili. Waulize watano walioacha, mmoja mmoja, si kwenye kundi la simu. Pengine mikutano inagongana na basi la mwisho. Badilisha jambo moja tu, subiri wiki 8, hesabu tena. Ukibadilisha matatu kwa mpigo hutajua lililosaidia. Halafu tafuta wa kukurithi ukiwa darasa la 11 na umwachie mkutano mmoja kwa mwezi auendeshe peke yake. Klabu iliyoanzishwa darasa la 12 hufa mwanzilishi akihitimu, na wasomaji wa fomu wamezizoea hizo. Haya yote hayahitaji kura. Chaguzi za klabu mara nyingi hupima umaarufu.

Anayelea wadogo zake saa 15 kwa wiki, au anayefanya kazi ya ujira, mara nyingi huona haya kuandika. Aandike: fomu ina aina maalumu ya majukumu ya familia na nyingine ya kazi ya malipo. Ikiwa ndiyo iliyobeba uzito, ikae mstari wa kwanza, kwa sababu orodha hupangwa kwa umuhimu.

Usinakili orodha hiyohiyo kila mahali, maana vyuo vingine vina fomu zao. Vyuo vya University of California hupokea shughuli na tuzo hadi 20, kila moja herufi 350. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, wanataka shughuli 4 tu, kwa hiyo daftari lako lionyeshe mapema zipi hizo nne.