Kobe wa mvua za kwanza, Sikonge

Nilitoka Kigoma kwa treni, nikalala Tabora mjini, na alfajiri nikapanda basi la Sikonge. Safari nzima niliipanga kwa kufuata mvua. Kiangazi kobe wa miombo hujificha mashimoni na chini ya magogo, ukaweza kutembea wiki nzima usimwone hata mmoja. Mvua ikishaloweka majani, hutoka kutafuta uyoga, konokono na jongoo.

Mwenyeji wangu alikuwa mrina asali aliyezaliwa huko huko. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, kisha akauliza, "Umemfuata kobe kutoka Kigoma kote huko, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo.

Tuliingia msituni tukipita chini ya mizinga yake ya magome iliyoning'inia mitini. Baada ya mwendo wa kama saa mbili, mzee alinyoosha mkono kunizuia. Nilitazama nisione kitu. Akanielekeza kwenye gogo la mninga lililoanguka, na hapo ndipo lile nililodhani rundo la majani makavu likapumua.

Alikuwa kobe mpevu, urefu wa kiganja na ziada kidogo. Nilimtambua kwa ule mstari uliokata gamba lake upande wa nyuma. Hapo pana bawaba: akitishwa, kipande cha nyuma hushuka kama mlango na kuifunga miguu. Watoto wao hawana, huja wakikua. Kitaalamu huitwa Kinixys spekii, jina la mwaka 1863 la kumuenzi Speke, Mwingereza aliyepita Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo. Mimi naamini Wanyamwezi waliokuwa wakipasua misitu hii na mizigo kichwani walimjua kobe huyu zamani sana kabla yake.

Mzee aliinama amwokote ili aniwekee penye mwanga. Nikamsihi, "Tafadhali mzee, tumwache hapo hapo." Kobe akinyanyuliwa huweza kumwaga kwa hofu maji aliyojiwekea kibofuni, nayo ndiyo akiba yake. Mzee alirudisha mkono bila neno, akaketi kando.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nililala kifudifudi kwenye majani mabichi, nikazima taa ya kamera, nikaishusha lenzi mpaka ikalingana na jicho la kobe. Kisha nikangoja. Sisimizi walinipanda shingoni na tone la maji likaniingia sikioni, sikuthubutu kujikuna. Kama dakika arobaini hivi zilipita. Pua ilitokeza kwanza, kisha jicho jeusi, likanitazama. Mguu mmoja wenye magamba ukafuata. Akajikokota hatua tatu, akafika kwenye uyoga, akaung'ata.

Nilipiga picha ishirini na tatu tu. Ninayoipenda kuliko zote ina kipande cha uyoga kikimning'inia mdomoni, na nyuma yake gogo lile lile alikolala, lenye ukungu wa kijani. Ingekuwa penye mwanga, picha hiyo nisingeipata.

Pale tulipomkuta sitapataja, na kwenye picha nimefuta alama za mahali. Wapo wanaowakamata kobe hawa kwa biashara.

Alipozama tena majanini, nilimpa mzee kamera. Aliitazama ile picha muda mrefu.

"Kumbe mdomo wake ni kama wa ndege," akasema. "Miaka yote hii nawaokota tu, sikuwahi kumtazama."

Mvua ilianza tena. Tukaondoka polepole, yeye mbele, akiangalia kila anapokanyaga.